Nilipima baraza, sikumpima mzee

Mzee alikaa kwenye kiti nilichomtengenezea, akaegemea, akanyoosha miguu. Kisha akafumba macho, akanyamaza muda mrefu mpaka kijana wangu wa kazi akanikonyeza, kama anayeuliza tumepatia au mzee keshalala. Mwishowe akasema, macho bado yamefumbwa, "Fundi, mikono yako ina baraka."

Tulikuwa Kigamboni, barazani kwake, mahali ambapo bahari unaisikia ila huioni. Wajukuu walituletea chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Nilikula kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi ya wiki saba na anayesubiri asilimia 40 ya pesa yake iliyobaki.

Tulipoaga, mzee akataka kutusindikiza mpaka getini. Ni mtu wa zamani, mgeni haondoki kwake peke yake. Akashika mikono ya kiti, akajivuta mbele, akarudisha miguu nyuma ili ajisukume. Visigino vikagonga ule ubao wa chini unaounganisha miguu ya mbele, ko! Akarudi chini. Akajaribu tena kwa kujirusha kidogo. Akarudi tena. Mara ya tatu uso ulikunjamana, mkono mmoja ukaenda kwenye nyonga, ikabidi mimi nimshike kwapa la kulia na kijana la kushoto, tukamnyanyua kama tunavyonyanyua kabati.

Akacheka. "Fundi, kiti chako kama mikopo ya kausha damu. Kuingia laini, kutoka mpaka uitiwe watu."

Mimi sikucheka. Nina miaka 16 katika useremala, karibu yote Keko. Nimetengeneza vitanda, meza za kulia, makabati ya jikoni, na makochi nisiyoweza kuyahesabu. Siku ile nilitoka Kigamboni na pesa yangu mfukoni (mzee alikataa kabisa niondoke bila kulipwa), lakini njia nzima darajani sikuongea na mtu.

Kiti kile kiliagizwa na binti yake, mtumishi wa serikali aliyehamia Dodoma na ofisi yake. Alinitumia picha kwa simu: kiti cha kupumzikia cha kizungu, kimelala, miguu ya nyuma imepinda kama ya swala, mikono kama inaelea hewani. Akaandika, "Kaka fundi, nataka hiki hiki, cha mninga, kwa ajili ya baba." Picha haikuwa na vipimo. Nikafanya ambalo mafundi wengi tunalifanya kwa picha: nikatafuta ndani yake kitu ambacho nakijua ukubwa. Sakafuni kulikuwa na vigae, nikavichukulia kuwa vya sentimita 60, nikapiga hesabu. Kikalio kikaja sentimita 36 kutoka sakafuni kwa mbele, 28 kwa nyuma. Hesabu ilikuwa sahihi, na hadi leo naamini kile kiti cha pichani kina vipimo hivyo hivyo.

Nilikwenda Kigamboni kupima kabla sijaanza, usidhani sikwenda. Nilipima mlango ili kiti kipite, nikapima upana wa baraza, nikapima umbali wa kutoka ukutani mpaka nguzo ili mzee akinyoosha miguu asizibe njia. Na aliyekuwa amenishikia ncha ya futi muda wote huo, akiwa amesimama na mkongojo wake, ni yeye mzee. Alibadilishiwa nyonga ya kushoto mwaka mmoja kabla. Niliambiwa. Nikasema pole, nikaendelea kupima ukuta.

Mbao ilinipa somo lake peke yake. Nilipendekeza mtiki, kwa sababu baraza la Kigamboni lina hewa ya chumvi na mtiki huvumilia mengi, na wa shamba la miti la Longuza, kule Muheza, unapatikana mjini bila shida. Mvule niliukataa mwenyewe. Ni mbao nzuri, lakini mara nyingine hubeba ndani yake mawe, mawe kweli, magumu na meupe, ambayo mti huyatengeneza wenyewe. Unaranda kwa raha zako, ghafla kisu cha randa kinalia na kutoka na pengo. Binti akasimama kwenye mninga. Alitaka ile rangi ya kahawia yenye wekundu, na kusema kweli hakukosea. Mti wake ukiukata gome hutoa utomvu mwekundu kama damu, na mbao yake ikishakauka haihangaiki sana, haivimbi na kunywea kama mbao nyingine. Ubaya wake ni vumbi. Lile vumbi laini la msasa likiniingia puani napiga chafya mpaka majirani wanadhani nimeugua.

Muuzaji aliniapia imekauka. "Hii ina mwaka mzima hapa, fundi." Nikainua ubao mmoja, mkono ukaniambia kingine. Huwa sibishani na muuzaji, nakata kipande. Na sikikati mwishoni mwa ubao, kwa sababu ncha ndiyo hukauka kwanza na ndiyo hukudanganya. Nikaingia kama futi moja ndani, nikakata kipande cha ukubwa wa kiganja, nikakipeleka kwa mama anayeuza samaki jirani na karakana, mwenye mizani ya kidijitali. Gramu 812. Nikakiweka juu ya dirisha. Kila baada ya siku mbili nilirudi kwa yule mama, naye alinizoea mpaka akawa ananiuliza, "Leo mtoto kapungua?" Kilipofika gramu 738 kikagoma kushuka. Maana yake kwa kila kilo kumi za mbao kavu kulikuwa na karibu kilo moja ya maji ya kuondoka. Kipande kidogo hukauka haraka, ubao mzima huchukua muda wake, kwa hiyo nikazipanga mbao juu ya vijiti chini ya paa, hewa ipite kila upande, nikafanya kazi nyingine. Ndiyo maana zile wiki zilifika saba. Binti alipiga simu mara tatu. Mara ya tatu hakuniita kaka.

Nilivunja pia mguu. Ile miguu ya nyuma iliyopinda nilichora kiolezo cha hadibodi, nikakilaza juu ya ubao wa inchi mbili kwa nane. Mninga ni ghali, nikakigeuza kiolezo huku na huku mpaka miguu miwili ikaingia kwenye ubao mmoja bila kupoteza. Nilijipongeza. Siku mbili baadaye napachika ulimi, ile ncha ya mbao iliyochongwa, kwenye tundu lake, nagonga kwa nyundo ya mbao, wala si kwa nguvu, mguu ukakatika pale kwenye bendi kama biskuti. Nikaokota vipande nikavitazama juani. Nyuzi za mbao zilikuwa zinakatiza mguu kwa upana pale pale penye mpindo. Kilichokuwa kimeushikilia mguu ni kipande kifupi cha nyuzi, kama urefu wa kidole gumba. Mguu wa pili ulikuwa haujavunjika, lakini ulikuwa na kasoro ile ile. Nikauweka kwenye goti nikauvunja mwenyewe, kijana akapiga kelele.

Baadaye nilichambua rundo la mbao karibu nusu siku nikatafuta zenye mpindo wa asili, zile ambazo kwa kazi ya kawaida ungezirudisha dukani. Nyuzi zake zilikuwa zimepinda karibu sawa na kiolezo. Sasa huwa nawaambia wauzaji waniwekee mbao zilizopinda, wananiona nimechanganyikiwa, na wananipunguzia bei.

Viungo sitavieleza sana. Kiti kilicholala hakina pembe ya mraba hata moja, kwa hiyo skweya uliyoizoea unaiweka pembeni, unatumia ile ya kulegeza na kufunga kwa pembe unayotaka, na unaandika kila pembe ukutani kwa penseli kwa sababu kesho utasahau. Kijana alikosea mara moja tu, tukaziba.

Basi, turudi Kigamboni.

Wiki moja baada ya aibu ile nilikwenda tena, bila kuitwa. Nilibeba kreti nne za soda, vipande vya plaiwudi, kabari za paini na godoro dogo la sponji. Mzee akauliza kama nimeacha useremala nimefungua duka. Siku hiyo alikuwapo pia mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayemjia nyumbani, dada mmoja mkimya. Nikamweleza shida. Akaniambia jambo ambalo lingeniokoa wiki saba kama ningeuliza mapema.

Alisema mzee alikatazwa kuikunja ile nyonga kupita nyuzi 90, yaani paja lisikaribie sana tumbo. Nikamwambia lakini kiti kimelala, akiegemea paja na kiwiliwili viko mbali. "Akiwa amekaa, sawa," akasema. "Mwambie ainuke." Mzee akakaa kwenye kile kiti changu cha kwanza, akajaribu, nami safari hii nikachuchumaa pembeni nikatazama. Ili ainuke kutoka chini vile ilimbidi alete kifua mbele mpaka juu ya magoti, na magoti yenyewe yalikuwa yamepanda juu. Pale pale, kabla hajaondoka kwenye kiti hata kidole kimoja, nyonga ilikuwa imekunjwa kuliko alivyoruhusiwa. Yale maumivu ya siku ya kwanza nilikuwa nimeyatengeneza kwa msumeno wangu mwenyewe.

Nikamwomba mzee ruhusa nimpime. Akasema, "Ulinipimisha ukuta, sasa unipime mimi kwa sanda?" Tukacheka. Kutoka unyayo mpaka nyuma ya goti, na viatu vyake vya nyumbani, ilikuja sentimita 47. Mtu mrefu. Kiti changu kilikuwa chini kwa sentimita 11.

Tukapanga kreti. Kreti mbili, plaiwudi juu, kabari nyuma, akae, ainuke. Tuongeze kabari, akae, ainuke. Mtaalamu alimsimamia, mimi niliandika kwenye kipande cha boksi. Kwa saa moja na nusu nilijifunza kuhusu viti kuliko miaka yangu yote. Niliona, kwa mfano, kwamba mtu akitaka kuinuka hurudisha miguu nyuma, chini ya magoti au zaidi, na hafikirii, mwili unafanya wenyewe. Kumbe ule ubao wa chini wa mbele, niliouweka kwa ajili ya uimara na kwa sababu ulionekana kwenye picha, ulikuwa ni ukuta wa kuzuia visigino. Niliona pia kwamba mikono ya kiti inayoishia sawa na ukingo wa kikalio haimsaidii mtu. Akishajivuta mbele, mikono imebaki nyuma yake.

Hapo mzee ndipo alipokumbuka kiti cha baba yake, Pangani. Kiti cha uvivu, alikiita, kile chenye turubai na mikono mirefu sana, ambayo unapandisha miguu juu yake. Baba yake alikipata kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa anaondoka. "Raha yake huijui wewe," akaniambia. "Lakini na yeye nilikuwa nikiitwa kumnyanyua." Akanyamaza kidogo, halafu, "Hapana, sikumbuki vizuri. Alikuwa anashika ncha za mikono kule mbele, anajivuta. Mimi nilikuwa nikiitwa kumletea kahawa."

Nilichukua hiyo. Mikono ya kiti cha pili nikaipitisha mbele ya ukingo kwa sentimita 14, ncha nikaziviringisha zijae kiganjani. Alizishika barazani zikiwa bado vipande vya paini nilivyochonga kwa tezo, akaniambia wa kushoto mnene mno. Ulikuwa mnene kweli.

Nani alilipia kiti cha pili? Binti alikuwa na hoja yake: alitoa picha, nami nikatengeneza kama picha, kosa langu liko wapi? Alikuwa ananitetea mimi, na mimi nilikuwa najishtaki, hali ambayo sijawahi kuiona katika biashara hii. Nikamwambia picha ni yako, lakini fundi ni mimi, na baba yako nilimwona na mkongojo. Tukakubaliana yeye anunue mbao, mimi nitoe kazi. Kiti cha kwanza nilikirudisha karakana nikakiuza kwa kijana mmoja aliyepanga chumba Mbezi, ana miguu mifupi na nyonga zake mwenyewe. Anakisifia mpaka leo. Nilipata pungufu ya nilichokitarajia, lakini sikulia.

Tulipokibeba kiti cha kwanza niliona jambo jingine lililonitia aibu. Skrubu za chuma nilizofungia mikono kwa chini zilikuwa zimeanza kutoa machozi ya kutu, wiki moja tu kando ya bahari. Cha pili nikafunga kwa ulimi na tundu kila mahali, na pale palipohitaji skrubu nikaweka za shaba.

Kikalio cha kwanza kilikuwa cha mbao na mto juu. Cha pili mzee alitaka cha kamba, kama vitanda vya zamani. Kuwamba kitanda nilikuona utotoni, lakini sijawahi kujifunza, kwa hiyo nikamtafuta mzee mwingine, wa Mbagala, anayewamba kwa kamba ya pamba. Alifanya kwa siku mbili, akivuta kila uzi na kuugonga kwa kijiti mpaka unalia. Nikadhani hapo tumemaliza. Nikakaa mimi mwenyewe, kilo 84, nikapima: katikati kamba ilishuka sentimita 3. Reli ya mbele haishuki, ni mbao. Nyuma unakokaliwa hasa ndiko kunazama. Yale maumbo yote niliyoyapata kwenye kreti yalikuwa ya plaiwudi ngumu. Ikabidi nifungue reli ya nyuma, nizibe matundu ya zamani, nichonge mapya juu yake, na kumrudisha yule mzee wa Mbagala awambe upya. Aliniuliza kama nina ugomvi na kiti hiki.

Vipimo vya mwisho, kwa anayevitaka: mbele sentimita 48, nyuma 44 kabla hujakaa, kina cha kikalio 49, mgongo umelala nyuzi 112 kutoka kwenye kikalio, mikono sentimita 21 juu ya kamba. Ukivinakili kwa mtu mwingine utakuwa umerudia kosa langu kwa namba tofauti. Mbele chini hakuna ubao. Uimara niliupeleka pembeni na nyuma, na ile reli ya mbele ya kikalio nikaiongezea kimo. Mafuta nilipaka ya kitani, tabaka tatu, nikifuta kila mara. Vanishi ingeng'aa zaidi siku ya kwanza, lakini ile pembe ya baraza inapigwa na jua la asubuhi, na vanishi ikianza kubanduka lazima ukwangue kiti kizima.

Tulikipeleka Jumamosi, kwa kirikuu, kimefungwa kwa mablanketi kama mgonjwa. Mzee alikaa. Safari hii sikuangalia uso wake, niliangalia miguu. Chai ikaja, mihogo ikaja, nikala kidogo tu. Akasimulia habari za Pangani, za jahazi, za mpira wa zamani, nami nikisubiri tuage.

Tukaaga. Mzee akapeleka mikono mbele mpaka kwenye ncha, miguu ikarudi nyuma chini ya kiti bila kugonga kitu, akainama kidogo, akasimama. Akatafuta mkongojo wake, wajukuu wakampa. Tukatembea naye taratibu mpaka getini, akatuaga mmoja mmoja, akamuulizia kijana wangu mama yake.

Gari likiwa limeshawashwa akagonga kioo. "Fundi," akasema, "na kikombe changu nikiweke wapi?"